Kengele ya Makamu

Saa nne kamili asubuhi kengele ya mezani ililia, na haikuwa na waya.

Digrii aliacha kufuta vumbi. Jina hilo binti huyu alibandikwa na walinzi, kwa kuwa alikuwa na shahada ya historia mkononi, na dasta. Alikuwa amepewa kibarua cha wiki moja: kuhamisha mafaili, ili ofisi ya zamani ya Makamu wa Rais igeuzwe stoo ya viti vibovu. Miaka tisa nyuma bunge lilikifuta cheo hicho, with immediate effect, yaani papo hapo, wakubwa wakapiga makofi wakaenda kula. Makamu mwenyewe alisikia redioni. Akaendelea kuja kazini akingoja barua ya kumwachisha kazi, isije, mpaka akakutwa amefia kitini.

Aliyemkuta ni mama yake Digrii, katibu muhtasi wa Makamu. Tangu hapo mama akawa mtu wa kutega sikio tu, hata akiwa anakula.

Kengele ikalia tena. Chumba kikajaa harufu ya peremende za kikohozi, na nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Jioni mama alisikiliza habari hiyo, akaweka kikombe chini taratibu. "Uliitika?"

"Mimi? Nilitoka mbio, mama. Ndala moja ipo huko mpaka sasa."

"Mimi niliitika," mama akanong'ona. "Siku tatu baada ya mazishi. Ililia, nikasema abee, mzee. Mdomo ulishazoea, mwanangu."

Kesho yake walimleta mganga ofisini. Alinusa chumba, akafunga mkoba wake. "Huyu si wa kufukuzwa. Anangoja barua. Redio si barua. Mama yako alipoitika alijifunga kwake; akiaga yeye, mama ataachiwa."

"Nani atasaini?" Digrii akauliza.

"Mimi," mama akasema. "Wanaopaswa kusaini wamesahau hata mlango ulipo."

Akapiga taipu barua ya kumshukuru Makamu kwa utumishi wake na kumruhusu apumzike, akaiweka kwenye trei, na kengele ikalia, na harufu ya peremende ikapanda hadi kooni, na kiti kikatoa mlio kama kinachokaliwa na mtu mzito aliyechoka, na kalamu isiyoonekana ikakwaruza karatasi polepole huku mganga akirudi kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagonga mlango, na Digrii akiushika mkono wa mama yake uliokuwa ukipoa kidole kwa kidole.

Kimya. Kwenye barua, wino wa kijani ulikuwa bado mbichi: *Nimeona. Naondoka. Katibu muhtasi abaki hadi mrithi wangu apatikane.*

Digrii aliisoma mara mbili. Mrithi wa cheo kilichofutwa.

"Mama, twende nyumbani. Tafadhali."

Mama alikuwa ameshakaa mezani pake, akinyoosha karatasi mpya kwenye taipureta. Hakuwa na hofu tena, na hilo ndilo lililomliza binti yake.

"Tangulia, mwanangu," akasema. Akakohoa kidogo. "Na mlango uache wazi. Huenda wakamleta leo."