Hekalu Lenye Mlango wa Ntoto

Haya aliniambia mjukuu wangu Bibiche, tukichambua maharage mbele ya kibanda chetu katika kambi ya wakimbizi ya Kashuga, mwaka ule vita ilipotutoa kijijini kwetu Ntoto. Mwisho wake niliuona mwenyewe.

Kila asubuhi Bibiche alichota maji, akanawa uso, akaenda shuleni. Shule haikuwa na kitabu hata kimoja cha Asia. Lakini Mwalimu Gustave alikuwa amegundua kwenye Interneti jumba la makumbusho linaloonyesha bure picha za mahekalu na nyumba za huko. Akaandika anwani yake ubaoni.

"Kila mmoja achague jengo, alichore, aje kutuelezea Ijumaa," akasema. "Mchoro mzuri utabandikwa ukutani, na darasa la tano watajifunzia hapo."

"Bibiche atachora nini?" akauliza Maurice, mtoto wa pale kijijini. "Muntu wa shitingi anajua nyumba gani?"

Darasa likacheka. Shitingi ni yale maturubai ya plastiki tuliyoezekea vibanda vyetu. Bibiche aliapa moyoni kwamba mchoro wa ukutani utakuwa wake.

Siku ya Alhamisi akaenda kwa Mama Kavira, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, akamwomba simu.

"Fagia duka kwanza," Mama Kavira akamwambia akicheka. "Ninyi wanafunzi muko na maneno mingi."

Bibiche akafagia, akafungua ukurasa wa makumbusho, akachagua hekalu la mbao la Japani. Picha ikawa inashuka polepole kutoka juu: paa la kwanza, la pili, la tatu, pembe zake zimepinda kwenda juu. Kisha ikasimama. Chini ya mapaa ilikuwa kijivu kitupu.

"Rezo imeenda," akasema Mama Kavira, maana mtandao wa simu ulikuwa umekatika. "Mafuta ya jenereta ya antena imeisha, na barabara imefungwa, masasi inalia huko. Labda juma lijalo."

Ijumaa ilikuwa kesho yake. Bibiche akachora mapaa matatu kama alivyoyaona. Huku chini mkono ukaendelea wenyewe: ukuta wa mianzi iliyosukwa, mlango mfupi wa kumfanya mgeni ainame, kuni chini ya upenu, kinu kimeegemea kushoto. Akasimama mbele ya darasa akasema vyote ni vya Japani. Wakapiga makofi, hata Maurice. Mwalimu akaubandika.

Jumatatu wazazi na walezi tuliitwa shuleni kwa mkutano. Nikaona watoto wadogo wa darasa la tano wamekaa chini ya mchoro, wanaunakili kwenye madaftari. Nikausogelea. Mlango ule niliujua. Niliinama hapo miaka yote, na mtoto mgongoni, na kikapu cha mihogo kichwani.

"Bibiche," nikamwambia polepole, "huko Japani nao wanaegemeza kinu kushoto, sawa vile mimi?"

Akaangalia chini. "Koko," akasema, ndivyo anavyomwita bibi, "nikisema, watarudia kunicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Na hawa wadogo je? Watazeeka wakisema Wajapani wanaingia hekaluni kwa mlango wangu."

Alitaka kucheka, machozi yakamtoka. Akamwangalia msichana mdogo aliyekuwa anachora kinu kwa bidii, ulimi nje. Halafu akaenda mwenyewe mpaka kwa mwalimu.

"Mwalimu, mapaa ndiyo ya Japani. Huku chini ni nyumba ya koko, kule Ntoto. Rezo ilikatika, nikaogopa kusema."

"Hekalu lenye kinu!" Maurice akapiga kelele, na wengine wakaangua kicheko.

Mwalimu Gustave hakucheka. Akaubandua mchoro, akampa Bibiche mkasi. "Kata pale ulipoacha kuona."

Bibiche akakata chini ya paa la tatu. Mwalimu akabandika vipande viwili, akaandika chini ya cha juu: *Mapaa ya hekalu la Japani, yameonwa kwenye ukurasa wa makumbusho. Chini bado hatujaona.* Chini ya kingine akaandika: *Nyumba ya Mama Elisabeth, Ntoto.* Ni jina langu hilo.

"Sikieni," akasema. "Mtu anayejifunza kwako anakuamini. Ulichokiona, sema umekiona wapi. Ulichoongeza, sema ni wewe. Bibiche angeniambia rezo imekatika, ningebandika nusu bila shida."

Maurice alikuwa amekaribia kile kipande cha chini. Sasa hakuwa anacheka.

"Bibiche, nyumba ya koko wako haina paa. Lilikuwaje?"

"Nitamuuliza," akajibu.

Jioni ile akaniuliza. Nikamweleza majani mapana ya porini, jinsi tulivyoyapanga kuanzia chini kwenda juu, na moshi ulivyopita katikati yake asubuhi. Akachora mpaka penseli ikamponyoka, akalala.

Mimi nikabaki macho kidogo, naisikia mvua juu ya shitingi. Moyoni nikainama mlangoni kule Ntoto, nikaingia. Nikagusa kinu, nikafunika moto kwa majivu. Halafu nikafunga mlango, na mimi nikalala.