Miwani ya Bibi

Kila aliporudi kutoka shuleni, kabla hata hajavua sare, binti mmoja alisikia sauti ya bibi yake kutoka chumba cha nyuma: "Miwani yangu imefika?" Jina likamganda, na mtaa mzima ukamwita Miwani. Macho ya bibi yalikuwa yamechoka, hivyo kila maandishi yaliyoingia nyumbani alisomewa na mjukuu wake. Na alichosomewa, alikiamini.

Siku moja bibi alimnyooshea boksi la juisi. "Nisomee, mke mwenzangu. Mwenye kisukari kama mimi anaruhusiwa?"

Nje wenzake walikuwa wameshaanza kuruka kamba. Miwani akatupia jicho maandishi makubwa ya kijani: HAIJAONGEZWA SUKARI. RAFIKI WA AFYA YAKO.

"Haina sukari, bibi. Kunywa tu!" akasema, huyo akatoka mbio.

Bibi alikuwa ameacha vitamu vyote alivyovipenda, kwa hiyo alishangilia. Ikawa glasi asubuhi, glasi jioni.

Haukupita muda mrefu, kipimo chake cha sukari kliniki kikawa juu sana. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alirudi naye akiwa amekunja uso. "Mama, unakula pipi kwa siri?"

"Haki ya Mungu, sijaonja hata punje ya sukari."

"Kipimo hakidanganyi, mama!" Tangu siku hiyo kabati la chakula likafungwa, juisi tu ikaachwa nje kwa kuwa ilisemekana haina sukari, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwa mama pamoja na futi yake ya kupimia nguo. Bibi, mtu mzima na mvi zake, akawa anaomba kufunguliwa apate kipande cha mkate.

Miwani alipokwenda kutupa boksi tupu, aliligeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama sisimizi: juisi nzito ya zabibu, juisi nzito ya embe. Chini yake neno sukari, na tarakimu mbele yake haikuwa sifuri hata kidogo. Kumbe alikuwa amesoma mbele tu.

Angesema, nani angemwita Miwani tena? Angenyamaza, bibi angeendelea kuitwa mwongo, na juisi ingeendelea kumdhuru. Chakula kikamshinda. Kila ufunguo ulipolia kabatini, alihisi aliyefungiwa ni yeye.

Kesho yake jioni bibi alimwita, glasi mkononi. "Mama yako haniamini," akanong'ona. "Wewe je, mke mwenzangu, unaniamini?"

"Usinywe, bibi!" Miwani aliidaka glasi, juisi ikamwagika sakafuni, naye akaangua kilio. Mama akaacha cherehani akaja mbio. Pale pale, kwa kwikwi, Miwani akasema yote: kamba, herufi za kijani, herufi za nyuma.

Mama alilisoma boksi mbele na nyuma. "Lakini wameandika haijaongezwa sukari," akasema, amechanganyikiwa.

Bibi akaonyesha mtungi kwa kidole. "Ule umejaa tangu jana. Leo hakuna aliyeuongeza maji. Je, hauna maji?"

Mama akauvua ufunguo shingoni na kuuweka kiganjani mwa bibi. "Nisamehe, mama. Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Nimekusamehe. Kesho tulipeleke boksi hili kwa muuguzi alione."

Mama akamgeukia binti yake. "Mbele ya boksi muuzaji anajisifu, na mwamba ngoma huvutia kwake. Ukweli wa chakula utafute nyuma. Nawe ukikosea, sema mapema. Kosa lililofichwa humwadhibu asiye na hatia."

Miwani akainamisha kichwa. "Basi sitaitwa Miwani tena?"

"Miwani ikiingia vumbi hufutwa, haitupwi," bibi akasema, akimpangusa machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akafungua kabati kwa mkono wake mwenyewe, akatoa pakiti ya biskuti iliyoandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu, akampa mjukuu wake.

"Haya, mke mwenzangu. Safari hii anzia nyuma."