Vipimo vya Kitinda

Mama Pindo alikuwa fundi wa nguo za kike. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pindo likitoka kwenye cherehani yake halifumuki. Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo. Palikuwa na cherehani moja dirishani, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa, na pazia la kupimia wateja.

Nyuma ya pazia hilo alikuwa na desturi moja. Hakutaja namba kwa sauti. Kuna mafundi wanaopaza sauti, "Kiuno arobaini na mbili," na foleni nzima ikasikia. Yeye alipima, akanyamaza, akaandika kwenye daftari. Mwanamke aliingia na mwili wake akatoka nao, na hakuna aliyejua inchi zake. Kwa hilo tu alipata wateja wengi kuliko mafundi wenye mkono mzuri kumzidi, na mwenyewe alikiri hivyo.

Lakini daftari lilikuwa na tabu zake. Lilimwagikiwa chai. Kurasa zilichanika. Mwaka jana mteja mmoja akamwonyesha programu ya simu ya mafundi nguo. Ilikuwa ya bure. Unaandika jina la mteja, namba yake na vipimo vyake, na programu inakukumbusha siku ya kuchukua nguo. Mama Pindo aliipakua siku hiyohiyo. Simu ikamuuliza: programu iruhusiwe kusoma majina na namba zako? Akabonyeza Kubali. Iruhusiwe kutumia kamera? Kubali. Ijue mahali ulipo? Kubali. Kisha yakaja masharti, marefu, maandishi madogo kama sisimizi. Aliyasukuma kwa kidole mpaka chini, akakubali nayo. Nani ana nafasi ya kusoma yote yale, na mteja amesimama na sidiria anasubiri?

Programu ilikuwa na sehemu ya maelezo. Juu yake paliandikwa: "Tuambie zaidi kuhusu mteja wako, tukusaidie kumhudumia." Kwenye daftari Mama Pindo aliandika kwa mkato, herufi mbili tatu alizozielewa peke yake. Kwenye simu aliandika kirefu, kwa kuwa simu ilimmalizia maneno.

Siku moja alikuja mdogo wake. Huyu alikuwa karani wa shule, na aliishi na mama yao. Alikuwa na miaka thelathini na minne, lakini kwa kuwa ni wa mwisho kuzaliwa, kila mtu alimwita Kitinda. Majuma matatu alikuwa hayupo. Alisema yuko semina ya kazi.

"Dada, funga mlango," alisema.

Mama Pindo alifunga.

"Sikuwa semina. Nilikuwa hospitali. Wamelikata la kushoto," alisema, akijigusa kifuani.

Mama Pindo aliketi juu ya rundo la vitambaa.

"Mama anajua?"

"Hajui, na asijue. Unakumbuka alivyomuuguza mama mkubwa?"

Mama Pindo alikumbuka. Mama mkubwa, dada wa mama yao, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Mama yao ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka siku ya mwisho, na baada ya hapo hakuwa tena mtu yule waliyemzoea.

"Baada ya mwezi mmoja nina kipimo kingine," Kitinda alisema. "Daktari akisema pamesafika, nitamwambia mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, karatasi ikiwa mkononi. Siyo kabla."

"Sisemi."

"Hata shemeji?"

"Hata huyo shemeji yako. Tangu lini mimi nikatoa ya nyuma ya pazia?"

Kitinda alicheka kidogo. Alitaka blauzi tatu zenye sponji upande wa kushoto, ili kazini watu wasimkodolee macho. Mama Pindo alimpima kimya. Kitinda alipoondoka, dada mtu alichukua simu akaandika kila kitu, asije akakosea upande. Aliandika: "Mdogo wangu. Kifua 38. Titi la kushoto limekatwa, saratani. Sponji kushoto. Ni siri, mama asijue." Akabonyeza Hifadhi.

Zilipita siku kumi na moja. Asubuhi ya Jumamosi mama yao alikuwa amechukua simu ya Kitinda, anasikiliza redio. Ujumbe ukaingia. Mama alifuta miwani kwa upindo wa kanga yake, akasoma polepole, kama alivyosoma kila kitu.

"Habari mpendwa. Umekatwa titi? Tunayo matiti bandia laini, upande wa kushoto, kifua 38. Punguzo wiki hii tu."

Kitinda alitoka kuoga akamkuta mama ameketi, simu iko mapajani. Mama hakulia. Aliuliza neno moja tu.

"Na wewe pia?"

Kabla ya saa sita mchana Kitinda alikuwa chumbani kwa Mama Pindo. Hakukaa.

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani nini?"

Kitinda aliweka simu juu ya meza ya kukatia. Mama Pindo alisoma, akarudia.

"Haki ya Mungu, sijamwambia mtu."

"Kifua 38, Dada. Kushoto. Hospitali hawakunipima blauzi. Vitu hivyo viwili kwa pamoja anavijua mtu mmoja tu duniani, naye ni wewe."

"Mdogo wangu, nisikilize."

"Mama hajala kitu. Anakunja nguo zangu, anazikunjua, anazikunja tena. Anamtaja mama mkubwa kama yuko chumba cha pili. Nilibakiza siku kumi na tisa. Ningekuja na karatasi mkononi. Umeninyang'anya hilo."

Alichukua blauzi mbili zilizokuwa tayari. Ya tatu, ambayo haikuwa na mikono bado, aliiacha.

Mama Pindo alilia kwa hasira. Aliona ameonewa. Mdomo wake haukuwa umefunguka hata kidogo. Lakini alipoifungua simu aandike ujumbe wa kujitetea, programu ile ikamkumbusha: "Mdogo wangu, kesho ni siku ya kuchukua blauzi." Machozi yalimkauka: kumbe simu nayo ilijua. Alitoka, akavuka ukumbi wa jengo lao hadi kwa Bibi Chaji.

Bibi Chaji alikuwa fundi simu. Alianza kwa kuwachajia watu simu, ndipo jina likamganda. Sasa alizifungua na kuzitengeneza, na hakuwa mtu wa maneno matamu. Alisikiliza mpaka mwisho huku bisibisi ndogo iko mdomoni.

"Hii programu unailipia?" aliuliza.

"Ya bure."

"Ya bure. Kampuni kubwa namna ile, watumishi maelfu, majengo ya vioo, halafu ikufanyie kazi bure wewe fundi wa pindo. Kwa mapenzi gani?"

"Si wanaonyesha matangazo?"

"Wanamwonyesha nani? Ndilo swali. Mwenye duka la viatu vikubwa anamtafuta mwenye miguu mikubwa. Mwenye kuuza matiti bandia anamtafuta nani? Kampuni inakusanya habari za watu, inazipanga, kisha inawauzia wenye kutangaza biashara. Wewe umewajazia ghala lao mwaka mzima, na hukupewa hata ahsante."

"Lakini niliandika kwenye simu yangu."

"Uliandika kwenye simu yako, lakini hayakukaa kwenye simu yako. Ukibonyeza Hifadhi, yanakwenda kwenye kompyuta zao huko waliko."

Mama Pindo alionyesha maneno ya mwisho kwa kidole. "Na hapa niliandika ni siri."

Bibi Chaji alisoma. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Mashine haijui siri, mama. Imeona saratani. Imeona kushoto. Imeona thelathini na nane. Na namba ya simu ya mtu iko juu yake. Hayo yamewatosha."

Alifungua yale masharti ya sisimizi, akayasukuma mpaka karibu na mwisho, akasoma kwa sauti: "Tunaweza kuwapa washirika wetu taarifa za wateja wako ili kuboresha huduma."

"Washirika ni akina nani?"

"Ngoja tuwaulize." Aliingia ndani ya programu, akatafuta palipoandikwa Pakua taarifa zako. Haikuwa rahisi kupaona. Waliotengeneza walipaficha makusudi, alisema, kama mtu anavyoficha mlango wa nyuma. Baada ya muda likaja faili. Washirika walikuwa sitini na mmoja. Mama Pindo alihesabu mpaka kumi na saba akaacha.

Chini ya washirika walikuwepo wateja wake, mia moja arobaini na watatu. Kila mmoja na jina, namba, kifua, kiuno, nyonga. Na maelezo, kwa maneno yake Mama Pindo mwenyewe. "Mimba ya miezi minne, mume hajui." "Anaumwa sukari, miguu imevimba." "Kovu la moto mgongoni, hataki lionekane."

"Wote hawa?"

"Wote."

"Lakini hawakubonyeza Kubali, hata mmoja."

"Uliwabonyezea wewe," alisema Bibi Chaji.

Mama Pindo alitaka kuifuta programu papo hapo. Bibi Chaji alimshika mkono.

"Taratibu. Watu wanafuta programu kwenye kioo cha simu wakadhani wamemaliza. Akaunti inabaki kulekule kwao, na yote yaliyomo. Kwanza tuhifadhi hili faili, ndio ushahidi wako. Kisha tuombe akaunti ifutwe pamoja na taarifa zote, kwa maandishi. Halafu tuingie kwenye mipangilio ya simu tuondoe ruhusa ulizogawa. Programu yenyewe tunaifuta mwisho."

"Na Kitinda awajibu wale wauzaji?"

"Asijibu. Asibonyeze kiungo chochote. Aizuie namba yao, atunze ujumbe. Nchi nyingi siku hizi zina sheria ya taarifa binafsi na ofisi ya kuisimamia. Tupeleke malalamiko huko, na ujumbe uambatane."

"Siri itarudi?"

Bibi Chaji alimtazama kwanza. "Wewe ukikata kitambaa vibaya, unakiunganisha?"

"Nakiunganisha. Ila mshono unaonekana."

"Basi."

Walifanya yote jioni ile. Kazi ngumu ilianza kesho yake. Mama Pindo alimwita kila mteja, mmojammoja, akamwambia nyuma ya pazia. Wengine walicheka. Mmoja alisema, "Kumbe. Nami nilishangaa nguo za watoto zinanifuata kila ninapofungua simu." Yule wa mimba alichukua kitambaa chake. Alitoka, na hakurudi. Wateja kumi na mmoja walimhama, na hakuwa na ubavu wa kuwalaumu.

Waliobaki walikaa na Bibi Chaji kwenye benchi la ukumbini, simu mkononi, wakijifunza. Aliwaonyesha jinsi ya kuona kila programu imepewa ruhusa gani. Mwanamke mmoja alikuwa na programu ya tochi, nayo ilikuwa imeruhusiwa kusoma majina yote aliyohifadhi.

"Tochi inataka majina ya nini?" Bibi Chaji aliuliza. "Inataka kumwangazia nani?"

Walicheka, na kila mmoja akaondoa ruhusa. Walijifunza kujiuliza kabla ya kubonyeza Kubali: kazi ya kitu hiki ni ipi, na kinachoomba kinahusu kazi hiyo? Na jambo la mtu mwingine, hasa la mwili wake na ugonjwa wake, lisiandikwe popote bila yeye kuulizwa.

Baada ya siku ishirini na tatu kampuni ilijibu. "Tunathamini sana faragha yako. Akaunti yako imefutwa." Kuhusu washirika sitini na mmoja, walimwambia awasiliane nao mwenyewe. Ile ofisi ya taarifa binafsi ilipokea malalamiko, ikampa namba ya jalada, ikaiagiza kampuni ijieleze. Mpaka leo inajieleza. Ila wauza matiti bandia walionywa, na ujumbe kwa Kitinda ulikoma. Kwa wateja wengi wa Mama Pindo matangazo ya ajabu yalipungua.

Mama Pindo alinunua daftari jipya na droo yenye ufunguo. Alirudi kuandika kwa mkato. Wanawake wapya walianza kuja, wakiletwa na wale waliobaki, kwa sababu walisikia kwamba huyu fundi alikosea na akakiri.

Siku moja Kitinda aliingia. Ile siku ya kipimo ilikuwa imekwisha kupita. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso ulikuwa umetulia. Siku hizo mama ndiye aliyemsindikiza hospitali.

"Nimefuata ile ya tatu," alisema.

"Mwili umebadilika. Nikupime upya."

Kitinda aliingia nyuma ya pazia. "Simu yako iko wapi?"

"Nyumbani. Siji nayo tena huku."

Mama Pindo alipima kifua, kiuno, bega. Alifungua droo, akatoa daftari, akachukua kalamu.

"Usiandike," alisema Kitinda.

"Ni daftari tu. Linafungwa na ufunguo."

"Usiandike, Dada."

Mama Pindo alirudisha daftari. Alishika namba zote kichwani, akakata, akashona palepale, mdogo wake ameketi mlangoni akitazama nje. Blauzi ilimkaa vizuri sana. Hakuna ambaye angejua.

"Majibu yametoka?" Mama Pindo aliuliza.

"Yametoka juzi."

Alingoja. Kitinda alifunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Mama atakwambia, akipenda," alisema, akatoka.

Mama Pindo alizima pasi. Alifunga chumba mchana kweupe, wateja wakimwangalia, akaenda kumuuliza mama.