Nakala ya Tatu

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa mkekani. Simu zenu zilazeni kifudifudi, na huyo anayetafuna karanga ameze kwanza. Sitaki nisikie hata mguno.

Pale Mtoni alikuwapo Tekla, mpiga video za harusi. Mwanawe wa pekee, Loveness, alikufa kwa homa wiki moja tu baada ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga bibi harusi, na kicheko chake kikabaki mahali pamoja duniani: kwenye video ya siku ile. Sasa diski ikaanza kuoza. Tekla akiifungua, uso wa mwanawe unageuka vipande vya kijani, kicheko kinakwama katikati.

Akamwita shemeji yake Gervas wa Mwenge, fundi kompyuta aliyemwoa mdogo wake.

"Shem, nimekuletea kiboko," Gervas akasema, akitua kisanduku chenye diski mbili. "Mfumo mpya wa kutunzia mafaili. Kila kipande unakipiga muhuri. Kikioza kwenye diski hii, mfumo unachukua kizima kwenye diski ile, unajiponya wenyewe. Hata uujaze harusi zote za Temeke."

"Maneno ya mafundi hayo. Nitaaminije?"

"Tuutese."

Wakautesa kweli. Gervas akahamishia humo kila kitu, akachomoa waya wakati unaandika, akawasha, hakuna kilichopotea. Akaharibu diski moja makusudi, ikapona. Na Loveness akatokea mzima, anacheka mpaka jino la pembeni linaonekana. Tekla akalia. Ile mikato ya kijani imezibwa na nini, hakuna aliyeuliza. Aliyepewa alichokililia haulizi.

Ndipo Tekla aliponusa nywele zinazoungua.

"Shem, huyu nani, nyuma ya Loveness?"

Mwanamke mrefu, uso umefunikwa na nywele, mkono uko begani kwa binti.

"Si mgeni tu?"

"Kamera nilishika mie! Nyuma yake kulikuwa na ukuta."

Gervas akakagua. "Mihuri yote inakubali," akanong'ona. "Makosa sifuri."

Tekla akamkata yule mwanamke kwenye video. Kesho yake mfumo ukaona kipande kimepungua, ukamrudisha.

Jumapili, jua la utosi, umeme umekatika mtaa mzima, Tekla akasikia kisanduku kinagonga ka, ka, ka, kama kucha juu ya meza, na ndani ya kugonga vigelegele vya mtu mmoja aliyesahau kunyamaza baada ya wenzake wote kunyamaza, na kioo cha kompyuta kikawaka bila umeme, harusi moja baada ya nyingine, na katika kila harusi yule mwanamke yumo, kila mara karibu zaidi, mpaka ikafika video ya juzi, ya kuvishwa pete Anna, binti wa Gervas, na mkono ule uko begani kwake.

Simu ikaita. "Mama mkubwa, shikamoo," Anna akasema kwa sauti ndogo. "Bega linaniwaka moto. Na homa imepanda."

Homa ya Loveness nayo ilianzia begani.

Wakamwendea Bi Somoe, mtoa majini, na kisanduku mkononi. Mzee yule hakutazama kisanduku. Aliuliza tu, "Palipooza mlipaziba na nini?"

"Hatukuuliza," Gervas akajibu.

"Mliacha mashimo, naye alikuwa anatafuta pa kukaa. Sasa ana nyumba isiyosahau kitu. Ivunjeni, pasibaki kipande."

"Bibi, niache nimsikie mwanangu mara moja tu."

"Ukisikiliza, atakayecheka siye mwanao. Huyu wa shemeji yako bado anapumua. Chagua."

Tekla akachukua nyundo. Pigo la kwanza, mtu akapiga kelele ndani. La pili, harufu ya nywele ikajaa ua mzima. La tatu, kimya. Jioni Anna akaomba uji.

Tekla akamgeukia Gervas. "Mbona hufurahi?"

"Shem... fundi makini haweki nakala zote nyumba moja. Ya tatu nilimpa mteja wa Ubungo, aone mwenyewe mfumo usivyopoteza kitu. Nimempigia. Anasema ameupenda, ameshawanakilia na wenzake."

Basi, mirathi ikawa hivi. Anna alirithi gauni la sendofu la Loveness. Akilivaa, bega la kushoto linapata joto. Tekla alirithi diski yake mbovu ya zamani, na kicheko kinachokwama, na hataki tena kiponywe. Na wale wa Ubungo, ambao hata majina yao hatuyajui, wamerithi yule mwanamke. Kila asubuhi wanakagua, na mfumo unawajibu: makosa sifuri.