Gesi Katikati ya Ncha Mbili

Bandari ya Mocímboa mwaka ule wa 2012, kila mdomo gesi! Gesi imeonekana baharini tena! Alima, mwanafunzi wa fizikia aliyerudi likizo kutoka Maputo, kanga za manjano, msiro, ule urembo mweupe wa kupaka, umekoza usoni, kajibamiza kwa kijana mwenye mtungi wa gesi begani.

"Wee bibie, macho umeyaacha Maputo?"

"Na wewe njia umeinunua?"

Basi tena! Likizo yote ikaliwa na kijana huyo, Suleimane, fundi wa kuchomelea vyuma, mikono makovu ya cheche, kicheko cha kukuvunja mbavu. "Ijumaa baada ya swala wajomba wanaleta posa," akamwambia. Miguu ya Alima ikakosa kutulia.

Jumatano ikatoka bolsa, ufadhili wa kusoma fizikia Ureno, miaka miwili. Alima kapiga simu, maneno yanamkimbia.

"Roho yangu, sikia! Kule maabara waya wa chuma unavutwa mpaka ncha mbili zinashikana kwa atomi moja tu! Baridi yake haisemeki, umeme unapita bila kukwama. Halafu molekuli ya gesi inaingia katikati. Ndiyo sisi, Sule! Mimi ncha, wewe ncha, safari ndiyo gesi."

"Haya," akajibu Suleimane. Akakata.

Ijumaa mama kapika pilau, mkeka mpya umetandikwa, wajomba hawaonekani. Alima dirishani, mlangoni, tena dirishani. Simu mara tisa, haipokelewi. Alasiri akavaa kandambili za mama, mbio mpaka karakana.

"Wajomba wako wamepotea?"

Suleimane akavua miwani myeusi. "Si umenikataa? Gesi ikinasa kwenye kiungo nikichomelea, Alima, kinatoka matundu matundu. Kigonge kidogo tu, kwisha. Mimi fundi, nimeelewa."

Alima akacheka mpaka msiro ukaloa machozi. "Mjinga wangu! Kwako moto, kule baridi. Waya ukitaka kukatika, molekuli inakaa pale pale, inashika ncha huku na huku, umeme unaendelea kupita!"

Suleimane akageuza-geuza miwani mkononi.

"Miaka miwili?"

"Miwili."

"Na inashika kweli?"

"Si kila mara. Ndiyo maana tunaipima."

Suleimane kamtazama, kamtazama, halafu akatoa simu mfukoni.

"Shikamoo mjomba Abudo. Vaa kanzu. Ndiyo, sasa hivi! Pilau ya watu inapoa."