Simu Iliyoandikwa "Wangu"

Saa mbili asubuhi sokoni Kashikishi, kando ya ziwa, asiyesukumwa ni yule aliyebaki nyumbani. Baiskeli zilipita zimelemewa na vikapu vya samaki, wachuuzi walipigana vikumbo mbele ya boti, na katikati ya zogo hilo Parfait alirudi nyuma kumkwepa mwenye toroli, akaangukia benchi la Régine na kumwaga chai ya mteja.

Régine alikuwa na kibanda cha chumvi, nyuzi za nyavu na Wi-Fi. Antena ilikuwa juu ya paa, kisanduku chenye taa za kijani juu ya rafu, umeme ulitoka kwenye sola. Tiketi zilikuwa vipande vya karatasi vyenye namba, za saa moja au siku nzima, kwa bei ya maandazi. Wakongo walikaa kwenye benchi lake wakiongea na mama zao ng'ambo ya ziwa, kwa sauti ya kusikika hukohuko ng'ambo hata bila simu. Siku hiyo alivaa gauni la njano lililomkaa vizuri kiunoni, na alilijua hilo.

"Pardon, maman," Parfait alisema akijipangusa suruali. "Miye natafuta connexion, naoga chai."

"Miye si maman yako. Niko Régine. Na ile chai utalipa."

"Nitalipa. Unipe na ticket ya siku muzima."

"Siku muzima? Uko na bantu mingi ya kuita ku telephone?"

"Sina hata mumoja. Ni juu ya kukaa hapa tu."

Régine alicheka, na kuanzia hapo mambo yakawa yameshaharibika.

Parfait alifanya biashara ya samaki kati ya Kilwa, upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa, na Kashikishi. Alikuwa mrefu, mcheshi, na shati lake daima lilikuwa limepigwa pasi. Mfanyabiashara wa samaki mwenye shati la namna hiyo ana mtu anayempigia pasi. Régine hakujiuliza ni nani. Nampenda Régine, lakini kwa hilo namlaumu.

Kila simu iliyoingia kwenye Wi-Fi ilionekana kwenye orodha iliyokuwa katika simu ya Régine. Chache ziliingia bila tiketi: yake mwenyewe, ya dada yake Fidélie, na tangu mwezi wa pili wa mapenzi, ya Parfait. Aliiandika "Wangu". Ikifika tu karibu na kibanda, iliingia yenyewe, na Parfait akaacha kabisa kununua bando. Hakujua kwamba mwenye Wi-Fi anaona ni nani ameingia. Alidhani ni kama hewa, unaivuta na hakuna anayehesabu.

Mwezi wa tano wa mapenzi hayo alimshika mikono mbele ya watu.

"Chérie, naenda Kilwa kuambia bazazi, baba na mama. Kisha wiki mbili, tunakuja kwenu kufanya présentation, kuomba uchumba."

"Usinichezee, Parfait."

"Nikuchezee namna gani? Weye njo utakuwa bibi yangu."

Régine akampa kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, ampelekee mama yake. Akawaambia wanakwaya wenzake. Fidélie akaazima masufuria, na shangazi yao aliyeishi Kafutuma akaanza kunenepesha mbuzi. Kila mtu Kashikishi alijua kwamba Régine anaolewa.

Siku ya nne tangu Parfait aage, asubuhi, alifungua orodha yake kama kawaida. Jina la tatu lilikuwa "Wangu".

Kwanza alifurahi. Amerudi! Alitoka mbio hadi kwenye benchi, na Parfait hakuwepo. Wi-Fi yenyewe haikufika mbali, iliishia saluni ya Febby na lodge ndogo iliyo nyuma yake. Bado alikuwa amesimama hapo simu ilipolia kwenye WhatsApp. Parfait!

"Chérie wangu! Umelala bien?"

"Nimelala. Uko wapi?" Régine aliuliza, akirudi ndani taratibu.

"Si niko Kilwa! Ku nyumba, na mama. Anakusalimia sana. Kitenge aliipenda mpaka alilia."

"Alilia?"

"Machozi, vraiment! Alisema, huyu mutoto muke..."

Régine alinyoosha mkono akachomoa waya wa kisanduku. Taa zikazimika, na sauti ya Parfait nayo ikazimika.

"Ma Régine! Connexion imekatika!" benchi zima lililalamika.

Aliurudisha waya. Dakika mbili baadaye simu ikalia tena.

"Unaona, chérie? Réseau ya Kilwa inakatikaka ovyo!"

"Naona," Régine alisema. "Naona bien kabisa."

Akakata, akaketi juu ya gunia la chumvi. Alikuwa amemwombea mtu huyu kanisani, kwa jina lake kamili, amepiga magoti.

Mchana alikuja mwanamke mfupi mwenye tabasamu, nywele zake zimetoka kusukwa kwa Febby. Kiunoni alikuwa amejifunga kitenge cha bluu chenye ndege wa njano.

"Jambo, yaya, dada yangu. Miye Cadette, niko ku lodge ya nyuma. Telephone ya bwana yangu inaingiaka ku Wi-Fi yako bila ticket. Juu ya nini yangu inakatala?"

"Bwana yako ni nani?"

"Parfait. Nilivuka bila kumuambia, leo siku ya ine. Nilimukuta ku port, anataka kupanda boti. Alifurahi! Palepale alinipa hii kitenge. Tulilala kwanza kule ku port, kisha jana nilichagua miye mwenyewe ile chambre ya lodge, juu ya Wi-Fi."

Régine angeweza kunyamaza. Alimtazama yule mwanamke asiye na hatia, akashindwa.

"Ile kitenge ilitoka kwangu," alisema. "Ilikuwa ya mama yake, juu ya présentation yangu. Parfait aliniambia hana bibi."

Benchi zima likageuka, hata waliokuwa wakiongea kwenye simu.

"Tuko na batoto batatu," Cadette alisema. Kisha akafungua kitenge, ndani alikuwa na sketi, akakikunja vizuri na kukiweka mezani. "Unipe ticket. Nataka kuita baba yangu."

"Weye hauhitaji ticket. Lete telephone."

Régine akafuta "Wangu". Kidole kilisita kidogo, nisidanganye. Kisha akaandika "Cadette".

Saa kumi Parfait alikuja, shati lake limekunjamana.

"Régine, telephone yangu haiingie."

"Inataka ticket."

"Chérie, tuongee. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia..."

"Ya saa moja ao ya siku?"

Parfait alimtazama, akaona hakuna mlango wa kurudi.

"Ya saa moja," alisema.

Aliketi kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwake, akaanza kumwandikia ujumbe. Simu ya Régine ilitetemeka juu ya gunia, ikatulia, ikatetemeka tena. Yeye aliendelea kupima chumvi na kukata nyuzi za watu bila kuisogelea. Saa kumi na moja tiketi iliisha, simu ikatulia kabisa. Parfait aliitazama simu yake, akamtazama Régine, akangoja aitwe. Mwishowe akainuka akashika njia ya bandarini.

Ndipo Régine alipoichukua simu yake, akaishika kwa mikono miwili, akingoja itetemeke mara moja tu. Haikutetemeka.