Kokwa Ndani ya Klafuti

Kila Jumapili ya msimu wa cheri, yale matunda madogo mekundu yenye kokwa ngumu, Bibi Huguette alipika klafuti. Cheri hupangwa kwenye chombo, humiminiwa rojo la mayai, maziwa, sukari na unga, kisha huokwa. Watu wa Limousin, mkoa wao huko Ufaransa, huziacha na kokwa zake, maana wanasema ndizo zenye harufu. Lakini Jumapili hiyo Shangazi Mireille alikuwa anakuja na mwanawe Basile, mtoto wa miaka miwili.

"Leo toa kokwa zote, Clémence," Bibi alimwambia mjukuu wake. "Basile humeza bila kutafuna."

"Sawa, Bibi."

Bibi akaenda kanisani. Lo, kazi ile haikuwa na mwisho! Vidole vya Clémence vilishakuwa vyekundu na bakuli bado limejaa, na huko nje wenzake walikuwa wakicheza mpira. Nani ataona? Akatandaza cheri zenye kokwa chini kabisa kwenye chombo, akazifunika kwa zile alizokwisha kuzitoa kokwa, akamwaga rojo juu.

Bibi aliporudi, aliiweka klafuti ndani ya oveni. "Umetoa zote?"

"Zote."

"Una mkono wa kazi, mjukuu wangu."

Sifa ile ilimchoma Clémence kuliko kofi. Mchana Shangazi akafika na Basile, wakaketi mezani. Klafuti ikakatwa, Shangazi akachota kijiko, Basile akapanua mdomo.

"Shangazi, usimpe!" Clémence alisema huku akikishika kijiko. "Kuna kokwa ndani."

Shangazi alibonyeza kipande kwa kidole. Ikatoka kokwa moja, halafu nyingine. Akamkumbatia Basile kwa nguvu. "Ingemkaba," alisema taratibu.

"Nilidanganya," Clémence alisema, machozi yakimtoka. "Nilichoka, nikataka kwenda kucheza."

Bibi alivuta sahani, akaanza kutoa kokwa kwa vidole, akimlisha Basile kidogo kidogo. Mtoto akacheka, akadai zaidi. Clémence akashusha pumzi ndefu. Tangu asubuhi hakuwa amepumua vizuri.

"Kuchoka si kosa," Bibi alisema. "Ungeniambia umeshindwa, tungemalizia pamoja. Kazi iliyobaki kila mtu huiona, akasaidia. Uongo ukishafunikwa, mtu huula bila kujua. Wewe umeufunua wako kabla haujamfika mtoto, nami nashukuru. Haya, sogea hapa, tutoe zilizobaki."